Ngazi ya Tatu

Nyumba ya Bi Hortensia ina ngazi kumi na nne.
Nazijua kwa nyayo: ya tatu hulia,
ya tisa imepinda, ya mwisho haina msumari.
Usiku ule nilizihesabu nikiwa nimekaa
kando ya jiko la kuni, glasi mkononi,
mvua ya Valdivia ikipiga mabati
kama mdai aliyechoka kubisha kwa adabu.

Ilikuwa wiki ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza.
Millaray alikuja na buti za mpira, za manjano,
akazivua mlangoni, akazipanga sawasawa
kama mtu anayejua atazivaa mwenyewe akiondoka.

Hadi saa tano alikuwa akicheka.
Saa sita kicheko kilikwisha.
Shingo ilimlegea, macho yakamzama,
akawa anamwita Gaspar kwa jina la dada yake.

Gaspar ni rafiki yangu, sitamkana hapa.
Ndiye aliyenikopesha koti baridi iliponishinda,
ndiye aliyenifundisha kukadiria mbao
kwa kupima mzingo wa mti uliosimama.
Alimshika kiunoni, akasema, "Nampeleka alale."
Kisha akanikonyeza.

Ukope mmoja tu.
Ulishuka, ukapanda,
nami nikaelewa yote,
nikanywa.

Ngazi ya tatu ikalia.
Kwenye ya tisa alijikwaa, akanyanyuliwa kama gunia.
Mtu mmoja akaongeza sauti ya muziki.
Mtu huyo alikuwa mimi.

Kulipopambazuka buti zilikuwa pale pale.
Aliondoka na soksi, mvuani,
na mpaka mtaa wa tatu hakuna aliyemuuliza.
Nilizificha chini ya kitanda changu miezi saba.
Zilinuka mpira na matope.
Zilinuka mimi.

Mwezi wa kumi chuo kikaita kikao:
viti vitano, jagi la maji, saa ya ukutani.
Walimuuliza alikunywa glasi ngapi.
Walimuuliza sketi ilifika wapi.
Walimuuliza kwa nini alikawia kusema,
wao waliokawia miezi saba kusikiliza.
Kisha wakanigeukia: "Wewe ulikuwepo. Je, alikataa?"

Kuna msemo kwamba kunyamaza ni kukubali.
Aliyeutunga hakuwahi kubebwa ngazini.
Nilisema: hakuwa na uwezo wa kukubali.
Nilisema: niliona. Nilijua. Nilikaa.
Gaspar alinitazama kama mti unavyotazama shoka
lililotiwa mpini wa tawi lake.

Nje ya ukumbi nilimpa Millaray mfuko.
Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengi, ya kurefuka.
"Sikuja kukusamehe," alisema.
"Nimefuata buti zangu."
Akazivaa akiwa amesimama, mkono ukutani,
akakanyaga dimbwi la kwanza kwa makusudi,
akakanyaga na la pili.

Sasa kila Jumamosi yenye ngoma
hukaa ngazini na jagi la maji.
Wananiita padri. Wananiita askari wa shangazi.
Juzi Ulises, mwaka wa pili, alikuja amemkumbatia msichana
ambaye magoti yake yalikuwa yameshasahau kazi.
"Anaitwa nani?" nikauliza.
Akacheka.
"Muulize yeye, basi, yuko wapi sasa hivi."
Msichana alijibu, "Nyumbani kwa bibi."
Nikawaita wenzake wawili, wakamfunika koti,
wakampeleka kwake, mlango ukafungwa kwa ndani.
Ulises alinitukana, kisha akakaa,
na baada ya muda mrefu akaomba maji.

Sijalipa kitu. Najua.
Jagi halirudishi usiku.

Wiki iliyopita Bi Hortensia alileta nyundo,
anataka kuipigilia ngazi ya tatu, inamkosesha usingizi.
Nilimsihi aiache.
Tulikuwa watu ishirini na sita mle ndani,
wenye ndimi, wenye simu, wenye dada,
na ni ile tu iliyolia.